Gari Linabeba Nini?

Kaeni, wapendwa, kaeni mstarehe. Walio nje wasogee dirishani, koo langu leo si zuri. Leo nataka twende wote dukani kwa muuza matairi. Najua kuna mtu hapo katikati ameshaanza kusema moyoni, "Mchungaji, mimi hata baiskeli sina." Subiri kidogo. Matairi haya yatakufikia na wewe.

Alikuwepo mzee mmoja katika nchi ya vilima. Jina lake silitaji, maana kila nikitaja jina humu ndani kuna shingo zinageuka. Alikuwa bwana shamba mstaafu, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, na alikuwa na gari. Lenyewe ni moja ya yale marefu ya kupanda milima, yenye mlango nyuma na tairi la akiba mgongoni. Lilikuwa la zamani kiasi kwamba watu waliopakatwa ndani yake wakiwa wachanga sasa wana ndevu. Mzee alilinunua alipostaafu, na kijiji kizima hakikuwa na gari jingine.

Ninyi mnajua kijiji chenye gari moja kinavyokuwa. Lilikuwa la mzee kwenye karatasi tu. Viazi vya watu vilishuka nalo kwenda sokoni, magunia yaliyofura kupita mdomo, lumbesa juu ya lumbesa. Wajawazito walishuka nalo kwenda kituo cha afya. Maharusi walipanda nalo, mama wa bibi harusi amebanana na masufuria huko nyuma. Lilibeba saruji, mabati, mbuzi wa posa, kwaya na kinanda chake. Na misiba, ndugu zangu. Majeneza mangapi yamelala ndani ya gari lile, Mungu ndiye anayejua. Basi watu wakalipa jina, wakaliita Shangazi, kwa sababu ukipata shida unakwenda kwa shangazi, na shangazi hakwambii hana nafasi.

Je, mzee aliona fahari? Kijijini, ndiyo, tena sana. Akisikia watu wanasema "Shangazi huyoo!" alikuwa anapiga honi mara mbili na kutoa kiwiko dirishani. Tatizo lilikuwa mjini. Mjini hakutaka kabisa kuitwa dereva wa viazi. Alitaka likionekana, watu waseme ni gari la mtu mzito. Mwaka uliotangulia alikuwa amelipeleka kwa fundi rangi likapakwa upya, rangi ya damu ya mzee inayong'aa, na maagizo yake yalikuwa haya: "Paka kila mahali. Nje, ndani ya milango, popote. Sitaki kuona kovu hata moja." Fundi rangi si mtu wa kubishana na mteja, akapaka kila mahali. Ikumbukeni hiyo rangi, tutairudia.

Sasa, katika kijiji hicho kulikuwa na kanisa juu mlimani, na kwa miaka arobaini watu waliitwa ibadani kwa rimu ya lori. Ilining'inizwa kwenye nguzo, mtu anaigonga kwa kipande cha nondo, watu wanakuja. Mwaka ule, baada ya kuomba na kusubiri mpaka wengine wakakata tamaa, wakapata kengele. Kengele ya kweli, ya shaba, kilo mia tatu na themanini. Ilifika mjini, na ikatakiwa ipande mlimani iwekwe wakfu Jumapili. Lori haliwezi kupita, maana daraja la mtoni ni la magogo na kona za mlima ni kali. Wazee wa kanisa walikaa kikao kisichofika dakika tano. "Shangazi ataileta," wakasema, wakafunga kwa sala. Mzee wetu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, lakini chini ya meza miguu yake ilikuwa inacheza.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Matairi yake yalikuwa yamekwisha, yamebaki kipara. Akasema hapana, siwezi kuleta kengele ya Bwana na matairi kipara. Na hapo alikuwa sahihi kabisa. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe akateremka mjini, moyo umejaa, kwenda kumnunulia Shangazi viatu vipya.

Aliingia duka la mama mmoja fundi wa matairi. Mama wa makamo, ovaroli juu, kitenge chini, mikono imekuwa myeusi kwa mpira. Kwenye benchi la mlangoni alikaa bwana mmoja aliyesoma na mzee zamani, sasa ana cheo chake, na gari lake jeupe jipya lilikuwa linajazwa upepo. Mkilielewa benchi hilo mmeshaelewa nusu ya mahubiri.

"Shikamoo baba, karibu," mama akasema.

"Marahaba, mama. Nataka matairi manne. Yale pale."

Akanyoosha kidole kwenye yale mapana, mazuri, yenye maandishi meupe ubavuni. Yule mama hakuyatazama matairi. Alilitazama gari, kuanzia mbele mpaka nyuma, kisha akauliza swali moja.

"Gari linabeba nini, baba?"

Mzee akatupia jicho kwenye benchi. Yule bwana alikuwa ameacha kuchezea simu, anasikiliza. Mzee akajikohoza.

"Linanibeba mimi na mama watoto. Jumapili, kwenda kanisani. Basi."

Wapendwa, mmelisikia hilo jibu? Shangazi mzima! Kijiji kizima kimekaa kwenye mgongo wake, halafu anaambiwa anabeba "mimi na mama watoto".

 Yule mama alizunguka nyuma, akafungua mlango. Humo ndani kulikuwa na udongo mwekundu wa viazi, kamba nne, manyoya ya kuku, na kwenye kona maua makavu yaliyodondoka kwenye shada la msiba. Akaufunga taratibu.

"Mama watoto husafiri na kuku wake?" akauliza.

Bwana wa kwenye benchi akacheka. Mzee akahisi masikio yanapata moto.

"Njoo uone kitu, baba," mama akaendelea, sauti yake haina kejeli. Akamwinamisha kwenye yale matairi mazuri. "Hapa ubavuni, baada ya saizi, kuna namba. Tisini na sita. Hii ndiyo namba ya mzigo. Tairi moja la namba hii linabeba kilo mia saba na kumi, basi. Gari lako likiwa tupu lina zaidi ya tani mbili. Kwa wewe na mama, haya yanatosha sana, tena mtasafiri raha. Ila ukizidisha, hayatakwambia siku hiyohiyo. Yatachoka kimyakimya."

Kisha akamwonyesha matairi mengine, yamesimama pembeni bila urembo, meusi tupu, ubavu mgumu. "Haya ni mia moja na kumi na sita. Moja linabeba kilo elfu moja mia mbili na hamsini. Barabarani yana kelele kidogo, na kiti utakisikia. Lakini sitaki kukubahatishia. Waliolitengeneza gari waliandika linataka tairi gani. Kuna kibao cha bati kwenye nguzo ya mlango wa dereva."

Akafungua mlango wa dereva, akapapasa. Kibao kilikuwepo, anakigusa kwa kidole, lakini hakisomeki. Kimefunikwa na ile rangi ya damu ya mzee inayong'aa. Akachomoa bisibisi mfukoni.

"Weka chini hiyo bisibisi!" mzee akafoka. "Usinikwangulie rangi!"

"Baba, chini ya rangi hii kuna maandishi."

"Nimeshakwambia, mimi na mama watoto! Unaniuzia au huniuzii?"

Mama akairudisha bisibisi mfukoni. "Kwa jibu hilo, baba yangu, sikuuzii," akasema. Akachana kipande cha boksi, akaandika namba ya simu, akampa kwa mikono miwili. "Siku ukiwa tayari kuniambia gari linabeba nini, nipigie. Hata iwe sikukuu."

Mzee alikwenda duka la ng'ambo ya barabara. Huko hakuna aliyemuuliza swali lolote. Walimfungia manne yenye maandishi meupe, namba tisini na sita, wakampongeza kwa kuchagua vizuri. Na ninyi mnayajua maduka yasiyouliza swali. Tunayapenda sana hayo maduka, sisi.

Alipofika nyumbani mke wake alikuwa uani anachambua maharage. Akayaangalia matairi, akayazunguka yote manne.

"Yamependeza, baba," akasema. "Ila ni kama umemvalisha Shangazi viatu vya harusi halafu kesho unampeleka kulima."

Mzee akajibu kwamba wanawake hawajui mambo ya matairi. Kwamba aliyekataa kumuuzia alikuwa mwanamke, hilo hakulitaja. Na kesho yake Shangazi akaenda kulima kweli: viazi, saruji, msiba mmoja, viazi tena. Wiki tatu. Mzee hakuona shida yoyote. Kila jioni aliyafuta yale maandishi meupe kwa kitambaa na maji ya sabuni.

Jumamosi ikafika. Kengele ikapakiwa mjini, viti vya nyuma vimetolewa, ikasimamishwa juu ya mbao na kufungwa kamba pande nne. Ulimi wake ulizungushiwa kitambaa cheupe, kwa sababu desturi yao ilikuwa kwamba kengele mpya hailii mpaka iwekwe wakfu. Mlio wake wa kwanza ni wa Mungu. Mzee aliendesha kwa adabu mpaka darajani, anapiga mluzi.

Pale darajani kuna desturi nyingine. Kijijini kwao kitu kipya cha kanisa hakipandi mlima peke yake. Watu hukisubiri mtoni, na kila mmoja hukipandisha na kitu chake cha shukrani. Basi palikuwa na umati. Kina mama wakaleta vikapu vya ulezi, mikungu ya ndizi, viazi, jogoo wawili. Wazee wa kanisa watano, wenye suti zao, wakasema hawawezi kumwacha Bwana apandishiwe kengele wao wakiwa nyuma kwa miguu. Mzee angeweza kusema neno moja tu: jamani, tusizidishe. Alilijua lile neno. Namba tisini na sita ilimpitia kichwani, naapa ilimpita. Lakini watu walikuwa wanayapapasa matairi yake na kusifu, naye akatoa kiwiko dirishani.

"Pandeni!" akasema. "Pandeni wote! Hamwoni ana viatu vipya?"

Kona ya kwanza ikapita. Kona ya pili gari likaanza kuyumba kiuno, wazee wa kanisa wakadhani ni furaha ya wimbo waliokuwa wanauimba. Kona ya tatu, tairi la nyuma la kushoto, upande wa korongo, likapasuka.

Mlio wake hausimuliki. Gari likalalia kushoto, na kule kushoto hakuna kitu, ni hewa na miti ya chini kabisa. Mzee akaukata usukani kwa nguvu zake zote na kulibana gari kwenye ukuta wa mlima. Likasimama. Kamba moja ikakatika. Kengele ikateleza juu ya mbao, ikapiga chuma cha mlango wa nyuma, ngooo! Pamoja na kitambaa chake na kila kitu, ikalia. Bonde lote likaitika.

Na juu mlimani, watu waliokuwa wanasubiri kanisani wakausikia. Wakadhani imefika! Wakapiga vigelegele, wakaanza wimbo wa kushukuru, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili. Mzee ameegemeza paji la uso kwenye usukani, anasikiliza watu wakishangilia. Mlio wa kwanza wa kengele ya Bwana umetoka kwenye tairi lililopasuka, na tairi lenyewe alilichagua yeye. Hajawahi kuona aibu ya namna hiyo tangu azaliwe.

Mungu ni mwema. Hakuna aliyeumia, jogoo mmoja tu alikimbilia msituni. Watu wakashuka, wakaweka mawe chini ya magurudumu. Wakaikagua kengele kwa viganja, haina ufa. Kisha wakaangalia tairi la nyuma la kulia na kukuta nalo limevimba ubavuni, linangoja zamu yake. Hakuna aliyemlaumu mzee. Hilo ndilo lilimuumiza zaidi.

Akatoa pochi, akatoa kile kipande cha boksi. Bahati nzuri kona ya tatu ndipo mtandao unapopatikana, kijiji kizima hupigia simu hapo. Na simu ya mzee ilikuwa na kasoro, bila kuweka sauti ya nje husikii kitu. Kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Haloo."

"Mama, ni mimi. Mwenye gari la damu ya mzee."

 Yule mama hakucheka, wala hakusema nilikwambia. Aliuliza swali lake lilelile.

"Gari linabeba nini, baba?"

Mzee akainua macho. Mbele yake wamesimama watu wa kijiji chake, kwenye vumbi, wanamtazama. 

"Linabeba viazi," akasema. "Lumbesa. Msimu mzima."

"Ehee."

"Linabeba saruji. Linabeba kwaya. Linabeba wagonjwa..." 

"Lilimbeba mama yangu," mtu mmoja akadakia kutoka kwenye umati. "Wiki ile ya mafuriko. Na mpaka leo anakula ugali wake."

"Lilimpeleka baba makaburini," akasema mwingine. "Njia yote matope, wala jeneza halikutikisika."

Mama mmoja akamsukuma mbele binti yake, msichana mkubwa mwenye sare ya uuguzi. "Huyu amezaliwa kiti cha nyuma, pale darajani. Mwambie na hilo, babu!"

Mzee akawa anarudia kila kitu kwenye simu, kimoja kimoja, na kadiri alivyorudia mgongo ulinyooka. Aliyeanza kwa kuungama sasa alikuwa anajigamba, na alikuwa na haki. Hakujua kwamba ni mengi kiasi kile. Nani angejua? Hakuwahi kuyataja yote mahali pamoja.

"Na leo linabeba kengele ya kanisa, kilo mia tatu na themanini!" akamalizia, karibu anapiga kelele.

"Na Jumapili?" akauliza yule mama, na safari hii kicheko kilisikika.

"Na Jumapili linanibeba mimi na mama watoto."

"Sasa hilo ndilo gari nililoliona siku ile dukani kwangu. Chukua kitu chenye ncha, baba, fungua mlango, ukwangue ile rangi."

Mzee akachomoa ufunguo wa gari. Akapiga goti kwenye vumbi na suruali yake iliyopigwa pasi, akaanza kukwangua rangi yake mwenyewe, ile aliyoifokea. Magamba mekundu yakamdondokea kwenye viatu. Bati likatokea, kisha herufi, kisha namba. Akaisoma kwa sauti, pole pole.

"Mia moja... na kumi... na sita."

"Umeona, baba?" simu ikasema. "Hilo gari liliandikwa kubeba tangu siku lilipotoka kiwandani. Hata siku moja halikuwa gari la mtu na mke wake. Wewe ulikuwa unalionea aibu bure. Nakuja."

Akaja. Saa tisa alasiri pikapu yake ilisimama darajani na matairi manne meusi, na watu wakayaviringisha mpaka kona ya tatu, kila tairi na wimbo wake. Mama akayafunga kwa mikono yake. Yale ya maandishi meupe yaliyobaki mazima aliyachukua kuyarudisha mjini, akasema si matairi mabaya, atatafuta mtu anayesafiri kweli na mke wake tu. Kisha akawageukia wazee wa kanisa waliokuwa wameshaanza kupanda.

"Baba zangu, shukeni. Nimebadilisha matairi, chasisi sijabadilisha. Na ninyi mna miguu."

Wakashuka, nao ni wazee wa kanisa! Kengele ikapanda mlima, jua bado lipo. Na Jumapili, ilipowekwa wakfu na kulia, mzee alikuwa ameliegesha gari mbele kabisa, mlango wa dereva ameuacha wazi. Fundi rangi akapita, akaona pale palipokwanguliwa, akasema, "Mzee, nikuzibie hapo, dakika kumi tu." Mzee akamshika mkono. "Hapo usiguse," akasema. "Hapo ndipo pazuri kuliko pote."

Sasa, wapendwa. Najua mnachosubiri. Mnasubiri niwaambie kwamba mzee aliponzwa na majivuno. Kuna mtu ameshamkanyaga jirani yake mguu, "Sikia, unasemwa wewe." Ondoa mguu wako. Mzee huyu hakujivuna kupita kiasi. Alijivuna kidogo mno! Alikuwa na gari ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalishukuru, yeye akalionea haya mbele ya mtu mmoja kwenye benchi. Aling'arisha maandishi meupe ya dukani kila jioni, na maandishi ya aliyelitengeneza gari akayapaka rangi.

Na sisi je?

Wewe mama, hapo safu ya tatu. Unalea wajukuu wanne ambao wazazi wao hawapo, unawaamsha, unawalisha, unawasomesha kwa mboga za bustani. Tunapita na wazee nyumbani kwako, tunakuuliza, "Mama, tukuombee nini?" Unajibu, "Aa, mimi sina neno, niombeeni afya tu." Afya tu! Mimi na mama watoto! Wewe baba, unamuuguza mkeo mwaka wa pili, unamwogesha kwa mikono yako, na kazini wanadhani unachelewa kwa uvivu kwa sababu unaona aibu kusema. Wewe dada ambaye ukoo mzima ukipata shida simu ya kwanza inapigwa kwako. Mnabeba lumbesa juu ya lumbesa, halafu mnakuja mbele za Mungu mnaomba nguvu ya mtu anayesafiri peke yake. Mnapiga goti dakika moja na nusu, mnasimama, mnapanda mlima. Kona ya kwanza inapita. Kona ya pili inapita. Tunashangaa nini tukipasuka kona ya tatu?

Siwaambii mpunguze kupenda watu. Na kama wapo wazee wa kanisa wamekukalia mgongoni na wana miguu yao, waambie washuke, nimekupa ruhusa, na wananisikia. Lakini ule mzigo wenyewe, ulio wako, usiuonee haya. Ndani ya mlango wako kuna kibao. Aliyekuumba alikiandika kabla hujapakwa rangi yoyote, kabla hujaanza kutazama watu wa kwenye mabenchi. Nimezunguka nyumba zenu miaka kumi na mmoja, nimeona mnavyobebana. Namwambia kila mchungaji ninayekutana naye, nalisema na hapa: ninajivunia ninyi mpaka usingizi unanipotea. Usharika huu umeandikwa kubeba.

Kwa hiyo leo sitawaombea mimi. Muuza matairi amesimama mlangoni, anawauliza swali lake moja, na kwenye benchi hakuna mtu. Mtajie mzigo wote. Taja wajukuu kwa majina. Taja mgonjwa, taja kaburi unalolibeba mpaka leo, taja simu zinazopigwa kwako. Taja mpaka mgongo unyooke.

Mimi nanyamaza. Gari lako linabeba nini? Anza kumwambia.